SOMO: Kumkabidhi mbwa mwongozaji kwa mtu asiyeona

Wakuu, kila wiki naulizwa "mbwa anafanya vizuri kwangu ila akiwa na mwenye mbwa, yule asiyeona, anagoma, nifanyeje?" Nimechoka kurudia, naweka hapa mara moja.

1. Alelewe nyumbani kwa watu mwaka mmoja hivi, azoee ngazi, kelele, magari.

2. Mafunzo ya kazi, miezi kadhaa: kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa vizuizi, hata vile vya usawa wa kichwa cha mtu.

3. Kabla hujamchagulia mtu mbwa, shika wewe mkanda wa kazi (ule anaovaa mbwa, wenye mpini mgumu wa kushika) kama vile wewe ndiye mbwa, naye ashike mpini mtembee. Utajua mwendo wa huyo mtu.

4. MAKABIDHIANO. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimpa mama mmoja mbwa mzuri kabisa, halafu nikawa natembea hatua mbili nyuma yao, mbwa akisita kidogo tu naingilia "kushoto!" mimi mwenyewe. Siku ya tisa nikabaki mbali, wakafika ukingoni, mbwa akageuza shingo kunitafuta, mama akasikia mpini umepinda mkononi akauliza "anamtafuta nani?" Tukaanza upya. Kwa hiyo chakula, brashi, kumtoa ajisaidie, zawadi, VYOTE vitoke kwa mwenye mbwa tangu siku ya kwanza. Wewe usimsemeshe mbwa, usimpapase hata akija kukusalimia, kosa ukiliona mwambie mwenye mbwa. Kila siku rudi nyuma zaidi.

5. Wiki mbili hadi nne za pamoja, msikimbize.

MASWALI

– Mkuu, wangu ananifuata mimi tu, tatizo nini?
Namba 4. Soma.

– Kwani mbwa si anasoma taa za barabarani?
Hasomi. Mtu anasikiliza magari, anaamua kuvuka.

– Sasa mtu akikosea? Na mbwa tumemfundisha kutii?
Swali zuri sana dada. Mbwa anafundishwa pia kukataa amri ya hatari: utii ukishakaa, mwenzako anaendesha gari taratibu linawakatiza, unasema "mbele" huku unamzuia mbwa, unarudia siku nyingi mpaka agome mwenyewe, hapo msifu kwa nguvu zote. Na mwenye mbwa afundishwe kuuheshimu ule mgomo, akizoea kumsukuma tu mbwa ataacha kukataa, na siku moja atamwingiza barabarani kweli.

– Nyongeza: jua kali, weka mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde saba, ukishindwa kuvumilia hata nyayo zake zitaungua.
Asante kaka. Na maji abebe mwenye mbwa, sio mkufunzi 🙏