Kupaka mvi hina nyumbani: tunavyofanya Ujiji

Wanaokuja kupakwa kwangu hapa Ujiji huanza na swali moja: "Dada, nitatoka mweusi?" Hutatoka. Hina ni wekundu, na kwenye mvi siku ya kwanza huwa chungwa kabisa. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika ndani ya nusu saa, jua imetiwa dawa ya piko, ile kemikali ya rangi nyeusi iitwayo PPD. Mimi iliniwahi: masikio yalivimba siku nne, nikawa natoka na mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi.

Hatua ya 1: unga. Nywele za mabegani hula gramu 100 hivi. Kama una mhina uani, kausha majani kivulini, twanga, chekecha kwa kitambaa chepesi. Usivivie hapo, vijiti vikibaki utavichomoa kichwani hadi kesho kutwa. Unga mzuri ni wa kijani. Ukiwa wa kahawia, umechoka.

Hatua ya 2: kuiumua. Tumia bakuli la plastiki au la udongo. Ndimu na sufuria ya alumini havipatani. Kamulia ndimu mbili, ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka upate rojo zito kama mtindi. Maji ya kuchemka yanaiua rangi. Funika, iache ilale. Wengi huharibu hapa kwa haraka, wanakoroga na kupaka papo hapo, halafu wanalaumu hina. Asubuhi utakuta juu pamegeuka kahawia na chini bado kijani. Weka tone kiganjani, ngoja dakika tano, futa. Pakibaki chungwa, iko tayari. Kiganja kikiwa kitupu, ngoja saa mbili ujaribu tena.

Hatua ya 3: jaribio. Paka kidogo nyuma ya sikio na uangalie siku nzima kama kunawasha. Nywele zilizoanguka kwenye chanuo nazo zipake, uone rangi itakavyokuwa. Watoto wachanga msiwapake kabisa: mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hina huweza kumvunjia chembe hizo.

Hatua ya 4: kupaka. Osha nywele kwa shampuu, bila kondishena, zikauke kiasi. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi (Kigoma hayakosekani), paka kwenye paji, masikio na shingo ili ngozi isishike rangi. Yasifike kwenye nywele. Mvi iliyoshiba mafuta haikubali hina. Vaa glavu na kanga kuukuu. Anzia penye mvi nyingi, fungu kwa fungu hadi kwenye shina. Ukimaliza, funga mfuko wa nailoni na kilemba juu yake, ukae saa tatu. Itakutiririkia shingoni, vumilia.

Suuza kwa maji matupu hadi yatoke meupe. Shampuu ngoja siku mbili, na rangi itazidi kuiva yenyewe kuelekea wekundu wa kahawia.

Anayeng'ang'ania weusi apake nili baada ya kusuuza hina. Nasema unga wa majani ya mnili, si bluu ya kufulia, maana yupo aliyeniletea hiyo! Nili hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, bila ndimu, ikae dakika kumi na tano tu, ipakwe upesi kabla haijafa. Saa moja na nusu inatosha. Ukisuuza itaonekana kama kijani. Usishtuke, weusi wake huja kesho yake.