"Put off" si kufuta: tofauti iliyonitoa jasho

Mimi ni wa ofisini, kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi. Aprili moja, masika yamepamba moto, mama mmoja wa Uingereza akaandika: "We have to put it off." Nilipoona "off" nikakumbuka swichi ya taa: safari imezimwa. Nikaachia vyumba, wapagazi nikawaambia watafute kazi kwingine. Wiki mbili baadaye mama anauliza tarehe mpya. Jasho likanitoka.

"Put off" ni kuahirisha. Safari ipo, siku ndiyo imehama. Iliyofutwa kabisa ni "call off". Kwa hiyo ukiona "put off" usikate jina la mtu kwenye daftari, muulize kwanza, "Until when?"

Ukiandika mwenyewe, "put off the climb" na "put the climb off" zote sawa. Ila "it" lazima ikae katikati: "put it off". "Put off it" hakuna. Kitenzi kikifuata, kivalishe "-ing": "I put off paying", si "put off to pay". Wakati uliopita ni "put" ileile. "Putted" waachie wacheza gofu.

Mtego wenyewe hasa uko kwenye Kiswahili chetu. Sisi tukiahirisha tunasema "tumesogeza mbele", basi vijana wangu wanamwandikia mgeni "we have brought it forward". Mwingereza anaelewa kinyume chake: tumeiwahisha! Safari ilikuwa tarehe 20, yeye anadhani sasa ni tarehe 15, anaanza kuhangaika na tiketi ya ndege. Andika "We have put it off until the 27th". Tarehe usiiache hata siku moja, maana hata ukikosea kitenzi, tarehe itakuokoa.

Maana nyingine utaikuta kwenye maoni ya wageni waliokwisha kushuka mlimani: "The toilets put me off." Hapo hakuna kilichoahirishwa. Vyoo vimemtia kinyaa, hamu imemwisha. Utaitambua kwa sababu anayebanwa katikati mara nyingi ni mtu: "me", "us", "my wife". Hii ukiisoma usiulize "Until when?" Tafuta ndoo, brashi na dawa ya choo.