Jinsi ya Kujipima Ukiwa Katika Kozi ya Upigaji Picha

Tenga daftari moja kwa ajili ya kozi nzima, na kila jioni, kabla hujafuta picha hata moja, andika chini ya tarehe ulichokusudia kupiga na kilichotokea. Picha mbovu ndizo zenye habari zako nyingi zaidi. Kamera za kidijitali huhifadhi ndani ya kila faili kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga). Kwa hiyo ukikuta picha ya mvuvi uliyoipiga kwenye soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ilichukuliwa kwa 1/30 ya sekunde na mikono yake imekuwa ukungu mtupu, utajua kwamba 1/250 pengine ingetosha kuinasa. Hayo ni ya mashine.

Swali gumu zaidi linakuhusu wewe mwenyewe: je, ulimwomba ruhusa? Mimi wiki za kwanza niliwapiga watu kutoka mbali, kwa lenzi ndefu, kwa sababu niliona haya kuwasogelea, na karibu picha zote zilionyesha migongo. Nilipoanza kusalimia kwanza, kamera ikiwa bado begani, mama mmoja anayeuza dagaa aliniambia nimngoje afunge kanga yake vizuri, kisha akanitazama usoni. Mambo kama hayo yaandike kwa urefu, kwa kuwa faili haliyahifadhi.

Kila baada ya wiki 4 rudi mahali pale pale, saa ile ile, upige tena, kisha uziweke picha hizo mbili sambamba na kuzisoma pamoja na daftari.