Mkorosho Hula kwa Majani: Kloroplasti na Utunzaji wa Shamba

Wakulima wengi wa Newala, Tandahimba na Nachingwea huyachunguza maua ya mkorosho kwa makini kuliko majani, ilhali sukari inayoijaza korosho hutengenezwa katika majani, ndani ya viumbo vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti.

Kila kloroplasti imefunikwa kwa tando mbili, na ndani yake mna vifuko bapa, thailakoidi, ambavyo vingi vimepangwa juu ya vingine kama chapati kwenye sahani. Klorofili, yaani rangi ya kijani inayonasa mwanga, imo katika tando za vifuko hivyo, kwa hiyo wingi wa vifuko huipa kloroplasti eneo kubwa la kupokea jua ingawa yenyewe haionekani bila hadubini. Hapo maji huvunjwa, oksijeni hutoka, na nishati inayopatikana hutumiwa na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vya stroma, ute unaovizunguka vifuko, kuigeuza hewa ya ukaa kuwa sukari.

Kiini cha klorofili ni magnesi, madini ambayo mti huyapata udongoni, iliyozungukwa na nitrojeni. Upungufu wa magnesi huonekana kwanza kwenye majani makuukuu, yanayogeuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mti huyanyang'anya ili kuyalisha machanga. Udongo wetu wa kichanga hupoteza magnesi kwa urahisi mvua zinapokuwa nyingi, na salfa ya unga, dawa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ukungu, inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huuongezea tindikali. Pima udongo kwanza. Ukithibitika kuwa na tindikali nyingi na magnesi kidogo, chokaa ya dolomaiti, yaani chokaa yenye magnesi, hutibu yote mawili.

Majani machanga ya mkorosho, yale mekundu, bado hayana kloroplasti zilizokomaa, hivyo hulishwa na majani ya zamani. Huo ndio umri ambao ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, huyashambulia, nami naona hasara hiyo hudharauliwa mno: jani lililosinyaa likiwa changa halitalipa kamwe chakula lilichokula. Salfa hukinga, haiponyi, kwa hiyo kagua machipukizi mapema na upulizie dalili za kwanza zinapoonekana.

Majani yaliyofichwa ndani ya mwavuli hupata mwanga hafifu, na mengine hutumia sukari nyingi kuliko yanayotengeneza. Baada ya mavuno pogolea matawi yaliyokauka, yanayogusa ardhi na yanayosongamana, na katika shamba jipya panda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Mashamba ya zamani yaliyosongamana yapunguzwe miti hatua kwa hatua, ukianza na ile inayozaa kidogo.