Trallpunk: tunga wimbo kwa mdomo kabla ya kushika gitaa

Ukitaka kupiga trallpunk, ule muziki wa panki (roki ya kasi na ukali) wa Uswidi uliokua miaka ya 1980 na bendi kama Asta Kask ya mji wa Töreboda, weka gitaa chini kwanza. Jina lenyewe limetoka kwenye kitenzi cha Kiswidi tralla, yaani kuimba "la la la" bila maneno. Basi imba hivyo hivyo, mpaka upate kiitikio ambacho mtu akikisikia mara mbili anakiimba.

Ndipo uongeze kodi (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu au nne za gitaa. Mimi napenda kuanzia La ndogo (Am), kisha Fa (F), Do (C), Sol (G), kwa sababu huzuni yake inapendeza sana ngoma zikienda mbio. Mkono wa kulia upige chini na juu bila kupumzika, lakini kifundo kilegee. Ukikikaza utachoka kabla ya ubeti wa pili. Kati ya beti, gitaa la pili lirudie sauti ya kiitikio.

Maneno yaseme jambo linalokuuma kweli: ubaguzi, vita, ubabe wa wakubwa. Waswidi huyaimba kwa lugha yao wenyewe, na yanasikika waziwazi. Usiyafunike kwa makelele.