Kuhamia nyumba ya kupanga Dar es Salaam: wiki za kwanza na mapumziko ya mwisho wa juma

Mtu anayehamia nyumba ya kupanga Dar es Salaam mara nyingi huanza kuhangaika na makochi na mapazia, ilhali raha yake katika nyumba hiyo itategemea zaidi maji na umeme. Kwa hiyo nenda siku moja kabla ya kuhamisha mizigo, ufungue mabomba yote asubuhi na urudi uyafungue tena jioni, kisha umuulize jirani maji ya mgao hutoka siku zipi na saa ngapi. Muulize jirani badala ya dalali, kwa sababu jirani ndiye anayeamka usiku kukinga ndoo. Ikiwa nyumba inatumia maji ya kisima, fulia kitambaa kidogo kwenye beseni. Sabuni isipotoa povu, ujue maji hayo ni ya chumvi: yatafaa kusafishia nyumba, lakini ya chai na ya kuchemshia maharage itabidi uyatafute kwingine.

Upande wa umeme, andika namba ya mita mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona, na ununue kiasi kidogo cha LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, siku ya kukabidhiwa funguo, mwenye nyumba akiwa bado yupo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na nyumba ikikaa tupu kwa miezi kadhaa, makato ya miezi hiyo husubiri mnunuzi wa kwanza. Mimi sikulijua jambo hilo. Nilinunua umeme wa shilingi 10,000 usiku wa kwanza, na niliposoma ujumbe kwenye simu nikakuta karibu nusu ya fedha imekwenda kwenye kodi ya miezi ambayo sikuwa naishi pale. Mwenye nyumba alinielewa, akaipunguza katika kodi ya pango, kwa kuwa kodi ya majengo ni wajibu wake. Hata hivyo ni afadhali makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujaweka saini. Mkiwa wapangaji wengi mnaotumia mita moja, kubalianeni mapema nani ananunua lini, maana ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia hapo.

Katika wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na kitambulisho na nakala ya mkataba, ujitambulishe kwa mwenyekiti na umfahamu mjumbe wako. Wengi husubiri mpaka wapate shida ya barua ya utambulisho, na siku hiyo huwa ni wageni kabisa machoni pa mtu anayetakiwa kuwathibitisha. Huko huko uliza siku ya gari la taka na mchango wa ulinzi. Kisha piga hodi kwa majirani wa pande zote, uwape wazee shikamoo na ujieleze kwa ufupi umetoka wapi na unaishi na nani. Jirani akikuletea chakula, sahani yake usiirudishe tupu. Hata maembe mawili yanatosha.

Mambo hayo yakishakaa sawa, mwisho wa juma utaanza kuwa na ladha. Ushauri wangu ni kwamba miezi ya mwanzo usijaribu kuuzunguka mji wote. Chagua mambo machache na uyarudie, kwa sababu mwenyeji hutambuliwa kwa kurudi mahali pale pale. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi wa mazingira, kwa hiyo toka na fagio na reki usafishe mbele ya nyumba yako pamoja na wenzako. Saa mbili za kuzibua mtaro na jirani humfahamisha mtu kwa haraka kuliko mwaka mzima wa salamu za kupitana. Jioni tafuta kijiwe cha kahawa kilicho karibu, ukae kwenye benchi, unywe vikombe viwili vya kahawa chungu kwa kashata, na utazame bao likichezwa bila haraka ya kuchangia hoja. Wenye watoto wanaweza kuwapeleka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga yenye chachandu. Ulizeni kwanza maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi, kwani yakitoka sana miamba hubaki wazi na kuogelea huwa kwa shida.

Jumapili, kwa maoni yangu, ni ya Feri, soko la samaki. Fika mapema wakati samaki wanashushwa, ukiwa na kapu au ndoo yako mwenyewe, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mnada huenda kwa kasi, na mgeni hufanya vyema kusimama pembeni kwanza asikilize bei kabla ya kunyoosha mkono. Samaki mzuri macho yake hung'aa na kujaa, mashavu yake yakifunuliwa ni mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Kwa mchuzi wa familia changu wanne wa wastani wanatosha, na wapo vijana wa kukupalia magamba na kukutolea matumbo kwa malipo kidogo.

Ukifika nyumbani kaa juu ya mbuzi ukune nazi mbili. Tui la kwanza, lile zito, liweke kando. Kwa tui la pili chemsha wali na chumvi, ukoroge mara moja tu, na maji yanapokaribia kukauka mimina sehemu ya tui zito, ufunike, upalie makaa juu ya mfuniko na upunguze ya chini. Tui zito lililobaki ni la mchuzi, nalo huingia mwishoni, nyanya zikiwa zimeiva na samaki wameshakaangwa, huku ukikoroga polepole ili lisikatike. Ndimu na pilipili mbichi hukamilisha. Harufu ya nazi inayoungulia kidogo chini ya sufuria itavuka ukuta kabla hujapakua, hivyo sahani ya kwanza mpe mtoto aipeleke kwa jirani wakati wali bado unafuka moshi.