Soriasisi: lainisha magamba kwanza, dawa baadaye

Kama una mabaka makavu yenye magamba kwenye viwiko, magoti, kiunoni au ndani ya nywele, na dawa za fangasi umepaka mpaka umechoka, muulize daktari wa ngozi kuhusu soriasisi. Kwenye ngozi nyeupe baka huwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu huwa la zambarau au kahawia iliyokolea, na magamba yake ni ya kijivu, ndiyo maana wengi hupewa dawa isiyo yake. Tazama na kucha: zangu zina vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano.

Haiambukizi, hata kwa kushikana mikono au kulala kitanda kimoja. Kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kuiharakisha ngozi. Seli ambayo ingechukua takriban mwezi kupanda juu na kupukutika, hapa hupanda kwa siku 3 hadi 5, basi zinarundikana. Mwelekeo wa kuugua hurithiwa, lakini mara nyingi kuna kinachouchokoza: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, sigara, pombe, dawa kama lithiamu (ya magonjwa ya akili) au klorokwini. Hata mkwaruzo. Mimi mkanda wa begi ukinisugua begani, baka hutokea palepale.

Sasa matibabu. Dawa ikipakwa juu ya gamba nene inaishia juu. Mimi huoga maji ya vuguvugu, najikausha kwa kugusagusa taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu napaka mafuta mazito ya mgando. Gamba likilainika litatoka lenyewe. Ukilibandua kwa kucha, utaona vitone vya damu, na umeichokoza ngozi upya. Gamba sugu lina mafuta yake, yenye asidi ya salisiliki.

Ndipo ije krimu ya steroidi, ya kutuliza uvimbe wa ngozi, au kalsipotrioli, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini D, au zote mbili, kadiri daktari atakavyoandika. Kamua dawa kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wake wa kwanza: hiyo inatosha eneo la ukubwa wa viganja viwili. Steroidi kali usipake usoni wala kwapani, inakondesha ngozi. Vidonge na sindano za steroidi ni hatari zaidi, kwa kuwa ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kulipuka mwili mzima, hata kwa vipele vya usaha. Michanganyiko isiyo na lebo inayoahidi kuponya kabisa siigusi. Tiba ya kuumaliza ugonjwa huu haijapatikana, na huwezi kujua kilichomo kwenye hicho kikopo.

Mabaka yakienea kuna mionzi ya UVB, yaani mwanga maalumu wa kumulika ngozi, kwa kawaida mara 2 au 3 kwa wiki, kliniki. Kuna metotrekseti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo humezwa siku moja tu kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kuua, kwa hiyo iandike hiyo siku kwenye pakiti. Inahitaji vipimo vya damu na ini, na haifai kwa mjamzito. Zipo pia sindano za kibiolojia, zinazozuia sehemu fulani tu ya kinga ya mwili, za gharama kubwa. Kabla ya kuanza utapimwa kifua kikuu.

Viungo vikikakamaa asubuhi au kidole kizima kikivimba, usisubiri miadi ya ngozi. Huenda soriasisi imeingia kwenye maungio, na maungio yakishaharibika hayarudi.